Maswali na Majibu: Majina ya Makangaga

Swali: Kangaga langu la chunguni huitwa nywele za Venus. Jina hilo limetoka wapi?

Jibu: Limetoka katika jina lake la kisayansi, Adiantum capillus-veneris, ambalo maneno yake ya mwisho ni Kilatini na yanamtaja Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale. Vikonyo vyake ni vyembamba, vyeusi na vyenye kung'aa, na hivyo ndivyo vilivyofananishwa na nywele, wala si majani yenyewe. Adiantum nalo ni la asili ya Kigiriki, lenye maana ya kisicholowa. Nyunyizia majani maji nawe utaona matone yakijikusanya na kuteleza bila kuyalowesha. Kwa maoni yangu hili ndilo jina lililotungwa kwa uangalifu kuliko yote, kwa kuwa kila sehemu yake huthibitishwa na mmea wenyewe.

Swali: Je, ni kweli kwamba Asplenium hutibu wengu?

Jibu: Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la wengu, kwa sababu waganga wa kale waliamini kwamba mmea huo unaufaa. Imani hiyo ilizaa jina, lakini jina si uthibitisho wa tiba, kwa hiyo tafadhali usiunywe kwa kulitegemea.

Swali: Kwa nini Pteridium aquilinum linahusishwa na tai?

Jibu: Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliliita kwanza Pteris aquilina mwaka 1753, na aquila ni tai kwa Kilatini. Wapo wanaosema kwamba jani lililokunjuka lilifananishwa na bawa la ndege huyo. Wengine hueleza kwamba kikonyo kikikatwa mshazari karibu na shina lake la chini ya ardhi, mirija ya ndani huonekana kama mchoro wa tai aliyetandaza mabawa.

Swali: Kangaga la Boston asili yake ni Boston?

Jibu: Hapana. Ni aina ya Nephrolepis exaltata, mmea wa maeneo ya joto ya Amerika. Aina hiyo yenye majani marefu yanayoinama iligunduliwa mwaka 1894 katika shehena ya mimea iliyopelekwa Boston kutoka Philadelphia, nchini Marekani, na mji ulioipokea ndio uliobaki katika jina.