Je, kulia ni kukosa imani?

SWALI: Mchungaji, tangu benki zifungwe hapa Goma mwanzoni mwa 2025, akiba yangu imekwama na biashara yangu ya maharagwe imekufa. Kanisani naambiwa kwamba machozi ni upungufu wa imani. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wanne, Ndosho

JIBU: Hapana, mama yangu, wala usikubali kunyamazishwa. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini", na anayeuliza hivyo bado anaamini kwamba yupo anayesikia. Kitabu cha Maombolezo, kinacholilia Yerusalemu iliyoteketezwa na Wababeli, kinaomboleza sura mbili nzima kabla ya kukiri, katika sura ya tatu, kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Kisha kinaendelea kulia. Tumaini letu halisimami juu ya benki kufunguliwa kesho, bali juu ya Kristo aliyefufuka, ambaye mwenyewe alilia alipofiwa na Lazaro. Waambie wenzako wa kikundi cha maombi, waziwazi, kwamba sufuria haina kitu. Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, na kilo mbili za unga wa muhogo zimo ndani ya agizo hilo.