Barua ya HR ina renew, re-engage na resign, nishike lipi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko sekta binafsi hapa Tanzania, mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja na nimeshau-renew mara tatu. Juzi HR wakanipa barua ya Kiingereza inasema "your engagement will not be renewed", chini yake "you may be re-engaged on new terms", halafu mwisho niende ofisini "to resign the contract". Sasa nimefukuzwa, nimeongezewa mkataba, au wanataka niache kazi mwenyewe?

JIBU: Salama dada, pole kwa presha. Mi kazi yangu ni kutafsiri mikataba na barua za namna hii nakutana nazo sana, ila hiyo yako imechanganywa kwelikweli.

Engagement hapo usiwaze pete. Asili yake ni Kifaransa, gage, yaani rehani, kitu unachoweka kuonyesha umejifunga, ndo maana mchumba ni engaged, wakili uliyemchukua ume-m-engage, hata choo cha kwenye treni Uingereza kikiandikwa engaged ujue kuna mtu ndani. Kwako ni ajira tu, basi.

Kazi iko kwenye renew. Ku-renew ni mkataba kuisha na kuanza kipindi kingine, kwa kawaida masharti yale yale au yanayokaribiana, tofauti na extend ambayo mkataba ule ule unasogezwa tarehe ya mwisho. Wao wamekunyima renew wakakuwekea re-engage, maana yake ule wa zamani unakufa na unachukuliwa upya kama mtu mgeni, mshahara unaweza kushuka, na wanaweza kutaka miaka yako ya nyuma isihesabiwe. Tena wameandika may, hiyo siyo ahadi, ni "tukipenda".

Na hayo maneno yana uzito kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri asipo-renew mkataba wa muda maalumu kwa masharti yale yale au yanayofanana, wakati mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutegemea ungeendelea, hiyo nayo inahesabika ni kuachishwa kazi. Wewe mara tatu zote wameendelea na wewe, una pa kuanzia, japo hiyo peke yake haitoshi, tafuta na email au meseji ya bosi inayoonyesha alikupa matumaini. Sheria hiyohiyo inatenganisha reinstate na re-engage, reinstate unarudishwa kuanzia siku uliyoachishwa na mshahara wa kipindi chote ulichokaa nje, re-engage unarudi kwa masharti yatakayopangwa na mwamuzi au mahakama. Kwa hiyo mtu akikwambia ni kitu kimoja mkatalie.

Sasa hilo resign. Nadhani walitaka kuandika re-sign, kusaini tena, wakasahau kistari, na bila kistari inakuwa kujiuzulu. Ukisema kwa mdomo zinajitenga, ya kusaini ni ri-sain, ya kuacha kazi ni ri-zain. Mashabiki wa mpira wanaijua hii, mchezaji ame-re-sign watu wanashangilia, ame-resign wanalia. Kwa mwandishi wa michezo ni aibu ndogo, kwako ni mkate wa watoto, maana ukisaini karatasi ya kujiuzulu umeondoka kwa hiari na madai ya kuachishwa yanakuwa magumu mno.

Kwa hiyo usiende kusaini kwanza. Wajibu kwa email, sentensi mbili tu, uliza wanamaanisha mkataba mpya au barua ya kujiuzulu, na uombe hayo masharti mapya uyasome nyumbani. Wakikuletea karatasi yenye kichwa resignation rudisha bila saini. Na kalenda iangalie, lalamiko la kuachishwa isivyo halali linapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, sasa usikae unasubiri HR wakujibu mpaka zikaisha. Hiyo barua mpelekee na wakili wa kazi au chama cha wafanyakazi kama upo, mi nakusomea maneno tu, kesi ni ya kwao.