Uliza maji kwanza: miaka sita ya kutembelea mikoko, visiwa na misitu ya Dar es Salaam

Nikimwambia mtu kwamba Jumamosi nilikuwa porini na watoto, swali huwa ni moja: "Mikumi au Saadani?" Nikijibu kwamba nilikuwa Kunduchi, au Pugu, mazungumzo huishia hapo. Wengi wetu tuliokulia Dar tumeamini kwamba wanyama wako mbali na kwamba kuwaona kunataka gari na pesa. Mimi naishi Tegeta, sina gari, na kwa miaka sita sasa karibu kila wiki mbili natoka alfajiri na binti yangu na mpwa wangu kwenda kuangalia viumbe vya mji huu. Ninayoandika hapa nimeyajifunza huko, na mengine nimeyajifunza kwa hofu.

La kwanza kabisa: kwa Dar, saa ni muhimu kuliko mahali. Unaweza kufika sehemu nzuri kuliko zote ukakuta hakuna kitu, kumbe umekosea maji.

Na maji ndiyo yaliyonifunza. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa kwanza wa safari zetu. Tulishuka ufukweni Kunduchi kama saa nne asubuhi, bahari ikiwa imekimbilia mbali kabisa. Mbele yetu kulikuwa na hori, mkono mwembamba wa bahari, maji yake yanafika vifundoni, na ng'ambo ya hori fungu la mchanga limejaa ndege. Tukavua viatu, tukavuka. Ndege walikuwa wengi, watoto wakawa wanawahesabu wakikosea na kuanza upya, nami nikakaa chini nikafurahi. Tulipogeuka kurudi ilikuwa karibu saa nane. Lile hori la vifundoni lilinifika mimi kiunoni, na mkondo ulikuwa unavuta kuelekea kwenye mikoko. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Nilimbeba, nikapiga hatua tatu, nikarudi.

Aliyetutoa ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anapita na mtumbwi wake. Alitupakia bila kusema neno mpaka tulipofika nchi kavu. Ndipo akaniambia, kwa upole, "Mwanangu, leo mwezi kumi na sita. Bamvua hilo. Hukuuliza maji?" Nilimshika mkono nikashindwa hata kumshukuru vizuri. Tangu siku ile sijatoka nyumbani kwenda pwani bila kuuliza maji.

Kwa hiyo nawe jifunze. Maji ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hizo na zinazofuatia kidogo, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina inaweza kupita mita 3. Katikati yake ni maji mafu, bahari haijai sana wala haiendi mbali. Kwa Dar, siku za bamvua maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kama saa nne hadi saa tano, na kujaa tena alasiri. Huo ni wakati mzuri wa kuona vilivyojificha, na ndio wakati unaoweza kukunasa. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la mwaka mzima, lakini mvuvi yeyote ufukweni atakujibu kwa kutazama tu tarehe ya mwezi. Sheria yangu ni kufika muda wa saa mbili kabla maji hayajapwa kabisa, na kuanza kutoka mara tu yanapogeuka, hata kama watoto wanalia.

Mikoko ndiyo nisiyoichoka. Watu huiita yote mikoko kana kwamba ni mti mmoja, lakini simama mahali pamoja uutazame. Mkoko wenyewe ni ule uliosimama juu ya mizizi yake kama meza yenye miguu mingi. Mchu hutoa vijiti vyembamba wima kutoka topeni, mamia kwa mamia, hiyo ni mizizi yake ya kupumulia. Mlilana hupenda kukaa mbele, unapigwa na mawimbi. Kuna mkandaa, ambao gome lake lilitumika kupaka rangi, na msinzi, na mkomafi wenye matunda makubwa kama mpira wa watoto. Mzee mwingine wa Kunduchi alinitajia majina haya mmoja baada ya mwingine akigusa kila shina, na naona uchungu kwamba vijana wa mtaa uleule wanajua "mikoko" tu.

Mwonyeshe mtoto mambo mawili. La kwanza, chuma jani la mchu, liguse kwa ulimi. Lina chumvi, kwa sababu mti hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani. Siku ya jua kali utaziona chembe zake ziking'aa. Binti yangu alilamba majani sita siku ile, akaniuliza kwa nini sisi hatutoki chumvi, nikamwambia alambe mkono wake. La pili, tafuta kwenye mkoko kile kijiti cha kijani kinachoning'inia kama kalamu ndefu. Hiyo ni mbegu iliyokwisha kuota ingali kwenye mama yake. Ikianguka maji yakiwa yamepwa, huweza kuchoma tope na kusimama hapohapo.

Kisha kaa kimya dakika tano. Tope likishakusahau linaanza kutembea. Kaa wadogo wanatoka mashimoni, dume ana gando moja kubwa kama amebeba ngao, analipunga juu na chini akiita majike. Visamaki vyenye macho ya utosini vinaruka juu ya tope na kupanda mizizi. Mtoto akipiga kelele wote wanazama, na dakika tano zinaanza upya. Hakuna namna bora ya kumfundisha mtoto kunyamaza.

Jambo moja la heshima: mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu ya serikali, chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Usikate hata fimbo. Na kabla ya kuingia, pitia kwa wavuvi au ofisi ya serikali ya mtaa, sema wewe ni nani na unataka nini. Sijawahi kukataliwa. Mara nyingi nimepata mtu wa kunisindikiza, na huwa namlipa, kwa sababu asubuhi yake ina thamani.

Ukitaka ndege bila kukanyaga tope, nenda Selander. Panda juu ya Daraja la Tanzanite, lile la zaidi ya kilomita moja lililofunguliwa mwaka 2022, maji yakiwa yanapwa, utazame kule Mto Msimbazi unapoingia baharini. Kuanzia Septemba hadi Aprili hapo wapo wageni waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Kuna sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, vindege vidogo vinavyokimbia na ukingo wa wimbi, na ndege mmoja mweupe na mweusi, mdomo mnene, anayepasua kaa. Lakini usishuke chini. Tope la pale limebeba maji taka ya nusu ya mji, na simu ishike kwa uangalifu. Asubuhi mapema nenda na wenzako.

Hapo pia utawaona kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka bahari, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wa hapa. Nimeshuhudia nyumbani kwetu wakimaliza kiota cha chozi kwa asubuhi moja. Mji ukiacha jalala wazi ndio unaowalisha, na hili linaniuma kila ninapopita.

Visiwani ni habari ya upepo zaidi kuliko maji. Bongoyo na Mbudya, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na kuna kiingilio cha hifadhi ambacho mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Bongoyo boti huondoka Msasani, Mbudya huondoka Kunduchi. Usiende wakati wa kusi kali, Juni hadi Agosti, kama una watoto. Mimi nilikwenda. Boti ilijazwa kupita kiasi, jaketi okozi zilikuwa chache kuliko abiria, na nahodha aliponiona nasita akaniambia wenzangu wote wameshapanda. Nilishuka, nauli yangu ikabaki kwake. Shuka nawe. Subiri maleleji, wakati kusi limekwisha na kaskazi halijaanza, bahari inalala kama sinia na maji yanaonyesha hadi chini.

Ukiogelea usisimame juu ya matumbawe. Yalikwisha pigwa na joto la mwaka 1998, na kabla na baada ya hapo yakavunjwa na uvuvi wa baruti. Yaliyobaki hukua polepole mno, na mguu mmoja unavunja kazi ya miaka. Beba maji ya kunywa ya kutosha, na takataka zako rudi nazo. Na ukitembea ndani ya Mbudya, zaidi ya mahali watu wanapokula samaki wa kukaanga, utakuta mibuyu iliyosimama pale kabla ya babu zetu.

Sasa Pugu. Panda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha ya Kisarawe. Milima ile ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa pwani uliowahi kuwa mkubwa zaidi, na leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS. Lipia ofisini kwa namba ya malipo ya serikali, chukua mwongozaji wa hifadhi. Usikubali anayekudaka barabarani.

Pale usitafute wanyama wakubwa, tafuta sange. Ni mnyama mdogo, mweusi mgongoni na mwekundu wa kutu mbele, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga anapofukua majani makavu. Na kweli wataalamu wanasema ukoo wake uko karibu na tembo kuliko panya. Tulikwenda mara nne bila kumwona. Mara ya tano mwongozaji aliinua mkono, tukasimama, tukasikia majani yakikwaruzwa, na mpwa wangu akanishika kiganja akakibana mpaka nikaumia. Alipita hatua chache mbele yetu, akasimama, pua ikicheza, akatoweka. Kama sekunde kumi tu. Mtoto yule hajaacha kuzisimulia.

Jioni, kwenye mashimo ya zamani ya kuchimba kaolini, popo hutoka kama moshi. Ukitaka kuwaona, panga usafiri wa kurudi mapema, na usiingie mashimoni. Giza likishaingia utasikia komba wakilia kama watoto wachanga. Hao ndio wanaosifika kwa kulewa tembo la mnazi.

Vaa suruali ndefu, uchomeke kwenye soksi. Mvua ikinyesha siafu hukata njia, na ukikanyaga mstari wao hujui mpaka wamefika magotini. Kimbia kwanza, watoe baadaye.

Kuna kitu ninachowaambia watoto tukiwa Pugu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye milima hii. Mti unaochomwa mkaa huku ni tope linaloshuka Jangwani, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaondoa wengine mabondeni hadi Mabwepande, kando ya Pori la Akiba Pande. Kisha mto huohuo unaishia Selander, chini ya wale sululu. Binti yangu aliuchora mto wote kwenye karatasi moja, popo juu, ndege chini, na mabasi ya mwendokasi yamekwama katikati.

Kwa mwenye mtoto mdogo sana au bibi asiyeweza kutembea, anzeni na bustani ya mimea ya katikati ya mji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ni ndogo, ina kivuli na tausi, inatosha kwa saa moja.

Wale wageni wa Selander hawakai. Mwezi wa tatu utaona wamenenepa, wengine manyoya yao yameanza kugeuka rangi, wanakula bila kuinua kichwa. Aprili wengi wao wameondoka, tope limebaki na yangeyange na kunguru. Ukitaka kuwaona kabla hawajaondoka, tazama mwezi usiku wa leo, hesabu siku zilizobaki hadi bamvua, na ufike darajani maji yakiwa yanapwa.