Junban si “oda”: maswali yenu ya Kijapani

Kamusi inasema junban (順番) ni “oda”. Mkahawani nikimwambia mhudumu “junban”, atajua naagiza chakula?

Atadhani unaulizia kama zamu yako ya kupata meza imefika, maana kwenye mikahawa yenye watu wengi Japani wateja huandika majina mlangoni na kungoja waitwe. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara kosa ni lile lile: mnapitia Kiingereza. Kiingereza kimerundika mambo manne ndani ya neno moja, “order”, wakati Kijapani kimeyatenga kama tulivyoyatenga sisi. Agizo la chakula ni chūmon. Amri ya mkubwa ni meirei. Utaratibu na utulivu katika jamii ni chitsujo. Nani atangulie na nani afuate, hiyo ndiyo junban. Anzia kwenye Kiswahili uone kama kuna utata wowote.

“Ban” peke yake ina maana?

Afadhali wewe umefikiri kabla ya kuuliza. Ban (番) ni zamu, na kwa bahati nzuri ni zamu kwa maana zetu zote mbili. Watashi no ban, zamu yangu. Halafu kuna zamu ya ulinzi: banken ni mbwa wa kulinda, rusuban ni kubaki kuangalia nyumba wenyewe wakiwa wametoka. Kōban, kile kituo kidogo cha polisi kinachoonekana mitaani, jina lake limetokana na askari kupokezana zamu. Na tōban ni mwenye zamu ya siku hiyo. Wanafunzi wa Kijapani husafisha madarasa wenyewe, kwa hiyo sōji tōban ni zamu ya usafi. Aliyesoma bweni huku kwetu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hiyo ban ndiyo iliyomo kwenye salamu ya konbanwa?

Hapana. Ile ni 晩, jioni. Someni kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, jamani.

Sanban na sanbanme zinatofautianaje?

Sanban ni namba 3. Sanbanme ni wa 3 katika mfuatano. Mwenye jezi namba 3 anaweza kuingia uwanjani wa 10.

Mwalimu wangu huandika junban lakini hutamka “jumban”. Nimsahihishe?

Umsahihishe? Wewe unayesema mbaya, si “nbaya”? N ikikutana na b midomo hufunga yenyewe, kwao na kwetu. Ndiyo maana stesheni ya Shinbashi, jijini Tokyo, kwa herufi zetu huandikwa Shimbashi. Jirekebishe wewe kwanza kwenye n ya mwisho, maana nasikia wengi wakisema “junbani”. Usiongeze i. Neno lina mapigo manne, ju-n-ba-n, na kila n inahesabiwa.

Na junjo (順序)?

Hiyo inahusu hatua za jambo: kitunguu kwanza, nyanya baadaye. Junban nayo huweza kutumika hapo, ila junjo haiwezi kusimama mahali pa “zamu yangu”. Mambo yakifanywa kinyumenyume, Wajapani husema junjo ga gyaku. Kwenye foleni ni junban tu, na anayeiruka anafanya warikomi. Neno hilo lijueni mapema, msije kuambiwa nyie.

Nataka kuchora 順番 mkononi, iwe na maana ya “utaratibu katika maisha yangu”. Herufi ni sahihi?

Herufi ni sahihi, maana siyo. Utazunguka na mkono ulioandikwa “zamu”, kama kikaratasi cha namba hospitalini. Unayoitaka ni 秩序, ingawa hata hiyo inanukia hotuba ya serikali. Kama umeshalipia, basi mpelekee mchoraji mfano mkubwa unaoonekana vizuri: 順 ina viboko 12, 番 nayo 12, na kwenye ngozi hakuna kifutio.