Faji ya chokoleti ya kizamani: nyuzi 112 za kitabuni si nyuzi za Mwanza

Mwangaluka, dada wa Buhongwa. Umeeleza kwamba umefuata resipi ya kizamani ya faji ya chokoleti, kile kitamutamu laini cha sukari, kakao, maziwa na siagi. Ukanunua kipimajoto, ukafikisha nyuzi 112 kamili kama ilivyoandikwa, na mara zote tatu imetoka kavu, inavunjika kama chaki, na ukitafuna unasikia mchanga menoni. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ubadilishe kakao, wengine uongeze siagi. Mimi naona kakao yako haina kosa lolote. Una makosa mawili yaliyokutana kwenye sufuria moja, na la kwanza umelipata kwa sababu tu unaishi Mwanza.

Mimi ni wa Pasiansi, na faji nimeirithi kwa marehemu mama. Alifundishwa upishi na sista mmoja Mmarekani miaka ya sitini, akaiandika resipi kwa kalamu ya wino kwenye daftari la mistari. Daftari hilo ninalo mpaka leo, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Ndani yake hakuna nyuzi hata moja. Ameandika hivi tu: chemsha mpaka tone lake kwenye maji baridi lifanye donge laini. Nilipoanza kupika mwenyewe nikataka kitu cha uhakika zaidi, nikatafuta kipimajoto, nikasoma kwamba donge laini ni nyuzi 112 hadi 116, nikaweka daftari pembeni. Faji yangu ikaharibika mwaka mzima.

Kilichonichanganya ni mdogo wangu anayeishi Tanga. Alikuwa anapika kwa vipimo vilevile vya mama, anafikisha 112, na yake inatoka laini, inayeyuka ulimini. Tulibishana sana kwenye simu. Nilidhani ni sukari, nikadhani ni maziwa. Siku moja nachemsha maji ya chai, nikakitumbukiza kipimajoto humo bila kuwaza lolote. Maji yalikuwa yanatokota kabisa, na kipimajoto kimesimama kwenye 96.

Nilidhani kimeharibika. Hakijaharibika. Ziwa letu liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu wa mawe uko juu yake. Kadiri unavyopanda, hewa inakandamiza maji kidogo zaidi, kwa hiyo yanachemka mapema: kila mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Tanga maji yanachemka kwenye 100, kwetu yanachemka kwenye 96 na kidogo. Ndugu zetu wa Mbeya wako juu zaidi, kwao tofauti ni kubwa kuliko yetu.

Sasa, unapochemsha sukari, joto lenyewe silo unalolitafuta. Unatafuta maji kiasi gani yamebaki kwenye sukari. Kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke, ndivyo shira inavyozidi kuwa nzito na joto lake la kuchemka linavyopanda. Shira ikifika donge laini, karibu asilimia 85 yake ni sukari. Pwani uzito huo unafika kwenye 112. Hapa Mwanza unafika kwenye 108. Wewe uliposubiri 112 ulikuwa umeshapita, umeondoa maji ambayo ndiyo yangeifanya faji iwe laini, na umekaribia lile donge gumu ambalo pwani hulipata kwenye 118. Ndiyo maana inavunjika kama chaki.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujapika tena. Chemsha maji matupu, acha yatokote vizuri, zamisha kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria, soma. Ongeza 12 juu ya namba uliyoipata. Hiyo ndiyo nyuzi yako. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata kama kipimajoto chako kinasoma pungufu au zaidi kidogo, kosa hilo linajifuta lenyewe.

Na bakuli la maji usiliache. Mimi sasa natumia vyote viwili, na vikigombana naliamini bakuli. Ondoa sufuria motoni wakati wa kupima, maana ukiiacha itaendelea kupikika huku wewe unachunguza tone. Dondosha kidogo kwenye maji baridi, likusanye kwa vidole ndani ya maji hayohayo. Likitawanyika, bado. Likijikusanya likawa donge, na ukilitoa nje likalala lenyewe kidoleni kama ugali mlaini, limefika. Likibaki limesimama wima, umechelewa.

Faji yenyewe si ya zamani kama wengi wanavyodhani. Ni ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Mwanamke aitwaye Emelyn Hartridge, aliyesoma Vassar College, chuo cha huko Marekani, aliandika katika barua kwamba faji ilikuwa inauzwa Baltimore mwaka 1886 kwa senti 40 ratili moja, kwamba aliipata resipi yake, na kwamba mwaka 1888 alipika ratili 30, zaidi ya kilo 13, kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho pale chuoni. Baltimore ni mji wa bandari. Namba za donge laini zilizojaa kwenye vitabu ni namba za usawa wa bahari, na hakuna aliyeziandika akifikiria jiko la Buhongwa. Lakini donge kwenye bakuli ni lilelile popote ulipo. Mama alikuwa sahihi kuliko kipimajoto changu, na nilichelewa kumwambia.

Vipimo vya daftari ni sukari vikombe 3, kakao theluthi mbili za kikombe, chumvi nusu ya nusu kijiko cha chai, maziwa kikombe 1 na nusu, siagi robo kikombe, vanila kijiko cha chai kimoja. Angalia hapo pia: kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 237, na kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani kwako huenda kinabeba zaidi ya 300. Kama una mzani ni salama zaidi: sukari gramu 600, kakao gramu 57, siagi gramu 57, maziwa mililita 355.

Sukari yetu ya huku, ya Kagera na ya kwingine nchini, mara nyingi ina punje kubwa na rangi ya kahawia kidogo. Kwa faji naipenda, inaleta harufu ya muwa. Ila inachelewa kuyeyuka, na punje moja isiyoyeyuka inatosha kuharibu sufuria nzima. Kakao iwe kakao tupu, ile chungu, siyo unga wa kinywaji wenye sukari na maziwa ndani. Maziwa yawe mabichi ya siku hiyohiyo. Yakiwa yameanza kuchacha hata kidogo yatakatika motoni, na uchachu wake unaizuia sukari kuganda. Siagi namaanisha siagi ya maziwa ya ng'ombe, kwa sababu dukani ukisema siagi mara nyingi unapewa ile ya mafuta ya mimea ya kupaka mkate. Ile inakubali, lakini ladha ni nyingine kabisa.

Sufuria iwe nzito na kubwa mara tatu ya unachopika, maana maziwa na sukari vinafura. Changanya sukari, kakao na chumvi vikiwa vikavu, uponde mabonge yote, ndipo umimine maziwa. Moto mdogo, koroga taratibu na mwiko wa mti mpaka usisikie tena mkwaruzo chini. Hapo ndipo uongeze moto. Ikianza kutokota, funika kwa dakika mbili au tatu, mvuke uoshe punje zilizonata ukutani mwa sufuria. Fungua, na kuanzia hapo usikoroge tena. Kama unatumia jiko la mkaa, punguza makaa kabla, kwa sababu mkaa ukishawaka hausikii amri. Mimi faji huipika kwenye gesi tu.

Sasa kosa la pili, la mchanga. Hili nalijua vizuri kwa sababu ni kosa la mikono yetu sote tuliokulia kwenye kashata. Kashata ya karanga unaikoroga ikiwa motoni, unaikoroga ukiitoa, unaikoroga mpaka igeuke, na hakuna anayelalamika kwamba sukari ina punje, maana ndivyo ilivyo na ndivyo tunavyoipenda. Ukiipeleka mikono hiyo kwenye faji, umeiharibu. Sukari ikiwa moto sana ukaitikisa, fuwele chache, yaani punje za sukari inayoganda, zinazaliwa na kila moja inapata nafasi ya kunenepa. Ikipoa kwanza bila kuguswa, kisha ukaipiga kwa nguvu, zinazaliwa nyingi mno kwa mara moja na hakuna inayopata nafasi ya kukua. Ulimi hauzioni. Ulaini wote wa faji uko hapo.

Kwa hiyo ikishafika donge laini, zima moto, weka siagi na vanila juu yake, na usizichanganye. Ziache zielee hivyohivyo. Weka sufuria mahali ambapo hapatikiswi na mtu, na uondoke. Nasisitiza uondoke, maana ukikaa karibu mkono utakwenda kwenye mwiko wenyewe. Huku kwetu inachukua saa moja, wakati mwingine saa moja na nusu, mpaka ishuke kwenye nyuzi 43. Namba hii haibadiliki kwa mwinuko, ni ileile Tanga na Mwanza, kwa sababu hapa hatuchemshi tena. Bila kipimajoto, weka kiganja chini ya sufuria: iwe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Kitu kimoja cha sisi tunaoishi karibu na maji. Ukipika usiku na taa imewaka, vile vijidudu vya ziwani vinaweza kuja kwa wingu, na sufuria ya faji inayopoa ni mtego wao. Usifunike kwa mfuniko, mvuke utadondoka juu yake na matone hayo yataanzisha fuwele kabla ya wakati. Funika kwa kitambaa safi chepesi, kipande cha kanga kuukuu kinatosha.

Ikifika 43, piga. Mwiko wa mti, mkono wote, dakika 10 hadi 20 kulingana na nguvu zako. Kwetu tulipokezana: mama akichoka anampa dada, dada ananipa mimi. Mwanzoni ni kama kupiga tope linalong'aa, na utadhani hakuna kinachoendelea. Kisha mwiko unaanza kuwa mzito, rangi inapauka kidogo, mstari wa mwiko unabaki bila kuziba. Ndipo mng'ao unapotea. Hapo una sekunde chache tu. Sinia iliyopakwa siagi iwe tayari pembeni, mimina mara moja, na usikwangue yale yaliyoshika ukutani mwa sufuria, yana punje. Kama unataka karanga za kukaanga, zitie pale mng'ao unapoanza kufifia, si baadaye. Kata ikiwa bado na uvuguvugu.

Masika yanasumbua. Sukari inavuta unyevu wa hewani, na faji ya siku ya mvua inanata hata ukiwa hujakosea popote. Mimi hupika zaidi kuanzia Juni mpaka Agosti, na nikilazimika kupika wakati wa mvua naongeza nyuzi moja. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na sisimizi.

Kuna aliyekushauri hapo juu uachane na haya yote utumie maziwa mazito ya kopo na chokoleti ya kuyeyusha. Ni kitamutamu kizuri na watoto watakifurahia, lakini kinaganda kwa sababu ya chokoleti, siyo kwa fuwele za sukari. Ukikitafuna kinanyumbuka. Faji ya daftari inasimama imara kwenye vidole na inayeyuka mdomoni bila kutafunwa. Wewe umeulizia hiyo, na usikubali kubadilishiwa.

Na ile uliyoiharibu usiitupe, sukari siyo bei rahisi. Irudishe kwenye sufuria, ongeza maji kikombe 1 na nusu, iyeyushe kwenye moto mdogo mpaka kusiwe na punje hata moja, kisha upike upya mpaka donge laini na kuipoza kama kawaida. Rangi itakolea kidogo na ladha itasogea upande wa sukari iliyoungua, lakini nimeokoa sufuria nyingi kwa njia hiyo na watu wameomba nyongeza.

Anza na maji matupu leo jioni. Ukishapima, niandikie hapa kipimajoto chako kimesimama kwenye ngapi, nikupigie hesabu.