Potasiamu imepanda nikiwa mjamzito: je, niache ndizi na madafu?

SWALI: Nina ujauzito wa wiki 26. Nimepimwa damu na kuambiwa kwamba potasiamu yangu ni 5.8, nayo iko juu. Jirani amenishauri niache kabisa ndizi, viazi na madafu. Natumia dawa ya presha tangu kabla ya kushika mimba. Je, mtoto wangu yuko hatarini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa wasiwasi, dada. Kabla ya kugusa chakula, nenda hospitali leo, bila kungoja tarehe yako ya kliniki, urudie kipimo na umwonyeshe daktari pakiti ya dawa unayomeza.

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na kwa mjamzito huelekea kuwa chini kidogo, kwa hiyo 5.8 haipuuzwi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli. Sindano ikisumbua kuingia, mpira ukikazwa mkononi kwa muda mrefu, au kichupa kikichelewa kufika maabara, potasiamu huvuja kutoka kwenye seli na jibu likasomeka juu ilhali mwilini hakuna tatizo.

Kinachonitia hofu zaidi katika barua yako ni dawa ya presha. Enalapril, captopril, lisinopril na losartan huifanya figo izuie potasiamu isitoke na mkojo, lakini kwa mjamzito zina ubaya mkubwa kuliko huo: mimba ikishavuka miezi mitatu ya kwanza, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Ukiliona mojawapo ya majina hayo kwenye pakiti, ubadilishiwe leo hii, kwa mfano upewe methyldopa au nifedipine. Usikae bila dawa yoyote, kwa maana presha iliyoachwa nayo huwadhuru mama na mtoto. Taja pia dawa nyingine zote, hata Septrin, ambayo nayo hupandisha potasiamu.

Omba figo zako zipimwe, pamoja na protini katika mkojo na sukari, kwa sababu presha ya ujauzito inayoelekea kifafa cha mimba inaweza kudhoofisha figo ghafla. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au tumbo la juu likiuma, usingoje hata kupambazuke.

Kuhusu mtoto, potasiamu iliyozidi hutishia kwanza moyo wa mama, na mtoto huumia moyo huo ukiyumba. Mapigo yanaweza kuruka na misuli kulegea, lakini wengi hawahisi chochote, ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo ni cha lazima jibu likithibitishwa. Hospitali inazo dawa za kuulinda moyo na kuishusha potasiamu haraka.

Chakula ni suala la baadaye. Figo nzima huitoa potasiamu ya ndizi na madafu bila shida; Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na kwa mjamzito vyakula hivyo ni lishe nzuri. Figo zikionekana kudhoofika, ndipo utakapopunguza madafu, na viazi utavikata vipande vidogo, uvichemshe kwa maji mengi, kisha uyamwage maji hayo.