Dimitrov alikuwa mbele seti mbili, na mimi sikuuza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepatia mshindi mechi nne mfululizo na akaunti bado inashuka. Nakosea wapi?" Akaambatanisha orodha ya hisa zake zote. Nimeipitia mara tatu.

Kama mimi, yeye hucheza matokeo kamili ya tenisi, yaani idadi ya seti, kwenye masoko ya utabiri, ambako watu hununua na kuuza hisa za matokeo. Mlio humu mnajua: hisa ya 2-0 ikitimia inalipa dola 1, isipotimia ni sifuri. Tatizo lake linaonekana mstari wa kwanza tu. Akimwamini mchezaji, ananunua 2-0. Kila mara 2-0.

Hebu piga hesabu. Mchezaji ana nafasi ya asilimia 70 kushinda kila seti, na mechi ni ya kutafuta seti mbili. Atashinda mechi kama mara 78 kati ya 100, huyo ni mkali kweli. Lakini 2-0 itatoka mara 49 tu, na 2-1 mara 29. Ndugu yangu alikuwa ananunua 2-0 za wachezaji wa namna hiyo kwa senti 56, kitu chenye thamani ya senti 49. Unaweza kupatia mshindi mwaka mzima na ukafilisika kwa bei hiyo.

Hili niliwahi kulibaini mapema, na najivunia. Miezi minne nilikula faida kwa kununua 2-1 zilizoachwa na watu. Kilichonivunja ni kingine, na bado kinauma.

Wimbledon, Julai 7, 2025, raundi ya nne. Grigor Dimitrov dhidi ya Jannik Sinner, namba moja wa dunia wakati huo. Pale wanaume hutafuta seti tatu, na nilikuwa nimeshika Dimitrov 3-0, niliyoinunua kwa bei ya kutupwa. Akachukua seti ya kwanza 6-3, ya pili 7-5. Bei inapanda, kidole changu kiko juu ya kitufe cha kuuza. Nikajiambia, imebaki seti moja. Seti ya tatu, gemu 2-2, Dimitrov akashika kifua na kwenda chini. Sinner akavuka wavu kumwangalia. Mechi ikaishia pale, Sinner akasonga mbele, na mwishowe akabeba kombe.

Kanuni za soko nililotumia zilisema mchezaji akijitoa, matokeo ambayo hayajafikiwa yanahesabika yameshindwa. Nilizisoma usiku ule, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni kanuni ya kujitoa kabla ya kuweka hata senti moja. Kila soko lina yake, usidhani zinafanana. Someni kanuni! Na uzeni. Hisa ya 3-0 ikishavuka seti mbili imebakiza seti moja ya kufa au kupona, na misuli ya mtu haikuahidi chochote. Uza nusu, mtaji urudi, nusu iache ikimbie. Ulichonunua ni bei, hukufunga ndoa na mchezaji. Mimi nilitaka nionekane nimepatia kila kitu hadi pointi ya mwisho.

Kwako uliyeniandikia: irudie orodha yako, na kando ya kila 2-0 andika 2-1 ya mchezaji yuleyule iliuzwa bei gani siku ile. Ukimaliza nitumie tena.